Kituo cha Abiria Mmoja



Majuma machache yaliyopita, baada ya kikao cha vijana, binti mmoja wa kundi letu alinisogezea simu yake ili nione picha iliyokuwa ikizunguka kutoka mkono hadi mkono. Ilikuwa picha ya kibanda cha mbao kando ya reli, theluji imefunika paa na ardhi yote, na chini yake maneno machache: huko Japani, kampuni ya reli iliendelea kusimamisha treni katika kituo hiki kwa ajili ya msichana mmoja tu aliyekuwa akienda shule, na alipomaliza masomo yake ndipo kituo kikafungwa. Binti yule hakuniuliza kama habari hiyo ni ya kweli. Aliniuliza jambo gumu zaidi: "Mwalimu, sisi tumekosa nini hata tusihesabiwe hivyo?"

Nilimjibu vibaya, kama tunavyojibu sisi wazee tukiwa na haraka ya kuondoka. Nilimwambia kwamba Japani ni nchi tajiri. Nikapanda pikipiki, nikashika njia ya nyumbani, na kabla sijafika nikawa nimekwisha kuona kwamba jibu langu lilikuwa la uvivu. Utajiri peke yake hauelezi jambo lile. Ziko nchi tajiri zilizong'oa reli za vijijini bila kumwuliza mtu, na ziko nchi maskini ambamo treni kuukuu ingali inasimama porini ili mama mmoja ashushe kapu lake la mihogo. Basi ninamjibu tena hapa, mbele yenu wote, kwa sababu swali lake linagusa jambo ambalo sisi wenyewe tutaliamua Jumamosi ijayo.

Kwanza tuitazame habari yenyewe, maana mtu mwenye busara hanunui mbuzi aliye ndani ya gunia. Kituo kile ni cha kweli. Kiliitwa Kyu-Shirataki, katika mji wa Engaru, kwenye kisiwa cha Hokkaido, kaskazini mwa Japani. Habari iliposambaa duniani mwezi wa Januari 2016, wengi walikitaja kwa jina la kituo jirani, Kami-Shirataki, na kosa hilo linasameheka: mmoja maana yake ni Shirataki ya Zamani, mwingine Shirataki ya Juu, na ulikuwapo wa tatu, Shirataki ya Chini. Msichana naye alikuwako kweli. Alikuwa mwanafunzi wa sekondari, na ndiye pekee aliyekitumia kituo kile kila siku. Asubuhi ilikuwapo treni moja tu ya kumfikisha shuleni kwa wakati. Akiikosa hiyo, siku yake imekwisha.

Lakini kampuni ya reli haikukaa barazani na kuamua kwamba itatumia fedha zake zote kwa ajili ya mtoto mmoja. Treni ile ilipita pale kwa sababu ilikuwa inakwenda mahali pengine pia, ikiwa na abiria wengine waliopanda katika vituo vingine. Na kituo kilifungwa tarehe 26 Machi 2016 pamoja na majirani zake wawili, Shirataki ya Juu na Shirataki ya Chini, kwa sababu huko Japani ratiba za treni hubadilishwa kila mwaka katika mwezi wa Machi, na mwaka wa masomo nao huisha mwezi huohuo. Siku hiyohiyo, katika kisiwa hichohicho, ilizinduliwa treni ya mwendo kasi sana iliyokiunganisha kisiwa na bara lao kubwa. Mahali pamoja watu wakakata utepe, mahali pengine wakafunga mlango wa kibanda cha mbao. Kampuni ile ilikuwa na hasara ya miaka mingi katika njia zake za vijijini, ambako watu wanazeeka na vijana wanahamia mijini. Haikuwa kampuni ya malaika.

Nilipowasimulia wenzangu ukweli huu, mmoja alisikitika, akaniambia nimemharibia hadithi nzuri. Mimi naona ukweli ni mzuri kuliko ile hadithi. Hadithi inasema kwamba palitokea mtu mwema aliyemhurumia mtoto. Ukweli unasema kwamba haikuhitajika huruma ya mtu yeyote. Kalenda ya treni na kalenda ya shule zilikuwa zimekubaliana, na kwa hiyo hata walipokuja kufunga, walifunga mahali ambapo kufunga hakumvunji mtu mguu. Msichana alipanda treni asubuhi ya mwisho kama alivyopanda asubuhi ya kwanza. Huruma ni jambo jema, lakini mtu anayeishi kwa huruma ya wengine hulala bila kujua kama kesho wataamka nayo. Ratiba iliyobandikwa ukutani haiamki na hasira.

Sasa turudi kwetu. Mkoa wetu wa Kivu Kaskazini hauna reli hata kilometa moja. Mtoto wa Goma anajua chukudu, na sanamu yake ya rangi ya dhahabu tumeisimamisha katikati ya mji. Anajua pikipiki, lori, na meli ya kwenda Bukavu. Lakini gari la moshi analijua kwa picha. Wazee wa upande wa Uvira wanakumbuka kusimuliwa habari za reli fupi iliyopita katika bonde la Ruzizi kuelekea Kamanyola wakati wa Wabelgiji, nayo ilikwisha kuondolewa kabla ya uhuru. Kwa sisi tuliokulia upande wa Butembo, kituo cha gari la moshi kilichokuwa karibu nasi kilikuwa ng'ambo ya mpaka, katika nchi ya Uganda, chini ya milima ya Ruwenzori. Nacho ni kituo cha Kasese.

Nilikiona mara ya kwanza nikiwa kijana, miaka ya mwanzo ya 1990, nilipomsindikiza mjomba wangu aliyekuwa akifanya biashara ya kuvuka mpaka. Tulitoka Beni kwa lori, tukapita Kasindi, tukavuka hadi Mpondwe, na jioni tukawa Kasese. Mjomba hakuhitaji mkalimani: Wakonzo wa upande ule na Wanande wa upande huu wanasikilizana, kana kwamba mpaka ulichorwa katikati ya sentensi. Asubuhi yake alinipeleka kituoni, si kwa sababu tulikuwa na safari, bali kwa sababu alijua sijawahi kuona reli. Nakumbuka mambo madogo. Nakumbuka kwamba zile pau mbili za chuma ziling'aa juu tu, pale magurudumu yanapopita, na pembeni zilikuwa na kutu. Nakumbuka wanawake waliokaa juu ya magunia yao kwa utulivu ambao sikuwa nimeuona katika kituo chochote cha malori. Nilimwuliza mjomba kwa nini hawana wasiwasi. Akanijibu, "Wanajua itakuja. Haijalishi saa ngapi."

Nilirudi Kasese miaka karibu ishirini baadaye, wakati huo nikiwa mwalimu, nikielekea Kampala kwa ajili ya vitabu. Nikapita kituoni kwa makusudi. Majani yalikuwa yameota katikati ya reli, mbuzi wawili wakila. Treni zilikuwa zimekoma mwishoni mwa miaka ya 1990. Nilimwuliza mzee aliyekuwa akianika mahindi karibu na pale ni lini wenyeji walipojulishwa kwamba treni haitakuja tena. Alicheka. Akasema hakukuwa na siku kama hiyo. Kulikuwa tu na siku moja ambapo watu waliacha kungoja.

Sentensi ile sijaisahau. Kwa nini kituo cha Kasese kilikufa namna ile? Jibu liko katika sababu ya kuzaliwa kwake. Reli kutoka Kampala ilifika Kasese mwaka 1956, ikiwa imepita Mityana na Kamwenge, zaidi ya kilometa 300, na haikujengwa ili kuwabeba Wakonzo na magunia yao. Ilijengwa kwa ajili ya shaba ya Kilembe, mgodi ulio kilometa chache tu kutoka hapo, milimani. Shaba ilishushwa hadi Kasese, ikapakiwa katika mabehewa, ikapelekwa kuyeyushwa huko Jinja, penye umeme wa maporomoko ya Nile, kisha ikaendelea hadi bahari ya Mombasa. Mji wa Kasese wenyewe ulikua kwa sababu ya shaba na reli. Watu walikuja, wakajenga, wakazaa, wakaizoea treni, wakadhani ni yao. Lakini mgodi ulipokoma mwanzoni mwa miaka ya 1980, baada ya miaka ya misukosuko katika nchi ile, treni ilibaki kama mtu aliyefiwa na mwenye kumlisha. Ilisuasua miaka kadhaa, ikibeba kahawa, mizigo mingine na abiria, hata ikanyamaza. Abiria walikuwapo. Tatizo ni kwamba hakuna aliyewahi kuwaandika katika sababu za kujenga.

Msidhani nawasema majirani ili kutusifu sisi. Reli za Kongo karibu zote zilizaliwa hivyohivyo. Ile ya kwanza, kutoka Matadi hadi Léopoldville, ilijengwa kati ya mwaka 1890 na 1898 ili mali ya bara iyapite maporomoko ya mto, na kwa hesabu rasmi ilimeza roho za Waafrika karibu 1,800. Hesabu isiyo rasmi hakuna aliyeiandika. Reli ya kutoka Stanleyville hadi Ponthierville, yaani Kisangani na Ubundu za leo, kilometa 125, ilifunguliwa mwaka 1906 kwa sababu hiyohiyo ya kuyapita maporomoko. Ile ya kutoka Kabalo hadi ziwa Tanganyika, pale Kalemie, ilikamilika mwaka 1915. Huko Uele kulikuwa na reli nyembamba sana, upana wake sentimeta 60 tu, kutoka Aketi kupita Isiro hadi Mungbere, iliyobeba pamba ya wakulima waliolazimishwa kuilima. Ukitazama ramani ya reli hizo utaona jambo la ajabu: haziunganishi watu na watu. Zinaunganisha shimo na bandari, au bandari ya mto na bandari nyingine ya mto. Mtu alipata nafasi katika treni kama kunguru anavyopata nafasi mgongoni mwa nyati.

Na bado, hebu fikirini, watu walivichukua vituo vile vidogo wakavifanya vyao. Kando ya reli ya Kindu na Kongolo, mahali kama Kibombo na Samba, siku treni inapofika ndiyo siku ya soko, ya barua, ya harusi na ya maombolezo, hata kama kati ya treni moja na nyingine majuma yamepita. Huko Tanzania, kwenye reli ya kati iliyofika Kigoma mwaka 1914, wasafiri wote wanalijua jina la Saranda, katika mkoa wa Singida, kwa sababu ya vyakula vinavyouzwa madirishani treni inaposimama. Wajerumani walioijenga reli ile hawakuandika popote kwamba wanajenga ili mama wa Saranda auze kuku. Lakini mama wa Saranda amesomesha watoto kwa kuku wale.

Neno lenyewe linatusaidia hapa. Katika lugha yetu kituo kinatokana na kutua: mahali ambapo mtu hutua mzigo wake. Ninapofundisha walimu wanafunzi alama za vituo, yaani nukta na mkato, huwaambia kwamba msomaji naye ana mzigo na anahitaji mahali pa kuutua. Kituo hakipimwi kwa idadi ya waliotua hapo leo. Kinapimwa kwa jambo moja: je, yule aliye njiani na mzigo anaweza kutegemea kwamba kipo?

Najua tayari yuko kijana anayesema moyoni, "Mwalimu anaota. Fedha zitatoka wapi?" Ni haki yake kuuliza, na simdharau. Kila franka inayolipia kitu kinachotumiwa na mtu mmoja imeondolewa kwa wengine. Kampuni ya Hokkaido isingefunga kituo chochote, leo huenda isingekuwa na treni yoyote. Siamini katika kushikilia kila kitu milele kwa sababu tu kiliwahi kuwapo. Vitu vidogo hufa, na vingine ni afadhali vife. Ninachokataa ni namna ya Kasese: kufa bila tarehe, kuwaacha watu wangoje hadi waone aibu ya kungoja.

Nami naikataa namna ile kwa sababu niliwahi kuitenda. Hili sijalisimulia mbele yenu hapo awali.

Mwaka wa masomo 2004-2005 nilikuwa mwalimu katika shule moja ya sekondari huko milimani, upande wa Lubero. Jina lake sitalitaja. Darasa la sita lilikuwa na wanafunzi watano tu; vita na umaskini vilikuwa vimewachukua wengine. Mnakumbuka, au wazazi wenu wanakumbuka, jinsi mishahara ya serikali ilivyokuwa haitufikii, nasi walimu tukiishi kwa fedha wanazochanga wazazi. Watano hawakuweza kumlipa hata mwalimu mmoja. Mwezi wa Februari tukakutana. Hoja ilikuwa kwamba darasa lifungwe, na saa zetu tuzipeleke katika madarasa ya chini yaliyokuwa na watoto wengi. Mimi nilikuwa na mke na watoto watatu. Niliinua mkono kukubali. Na sikuinua tu. Nilikuwa miongoni mwa waliozungumza, na nilizungumza vizuri, kwa hesabu na takwimu, kama nilivyofundishwa chuoni.

Hesabu zangu zilikuwa sahihi. Nimezipitia mara nyingi tangu siku ile, na hadi leo sioni kosa ndani yake. Kosa lilikuwa katika mwezi. Mtihani wa taifa ulikuwa umebakiza miezi michache. Tungeweza kusema: darasa hili litafika mwisho wa mwaka, na mwaka ujao hatutafungua jingine. Tungegawana shida kwa miezi minne au mitano, tena tungekuwa tumewaambia wazazi wa darasa la tano mapema ili wajipange. Hakuna aliyelisema hilo. Haikuwa kwamba lilipingwa. Halikumjia mtu yeyote kichwani, wala mimi niliyekuwa nimesomea ualimu.

Wavulana watatu walipata shule nyingine mbali, kwa ndugu zao. Mmoja sijui aliishia wapi. Wa tano alikuwa msichana, mwenye akili kuliko wote katika hesabu. Nilikutana naye mwaka 2013, hapa Goma, sokoni Kituku kando ya ziwa, akiuza sambaza, mtoto mgongoni. Alinitambua kabla sijamtambua. Alinisalimu kwa heshima, "Shikamoo, mwalimu," akanipimia samaki, akaniongezea kiganja kizima juu ya kipimo. Tukazungumza habari za nyumbani. Hakunilaumu hata kwa neno moja. Ila alipokuwa akitaja umri wa mtoto wake wa kwanza, alihesabu hivi: "Alizaliwa mwaka uliofuata, baada ya kufungiwa darasa." Alisema hivyo kama mtu anavyosema baada ya mlima kulipuka, au baada ya vita. Kwa sisi, mwaka 2002 ni mwaka wa moto wa Nyiragongo, na kila mtu wa mji huu hupima maisha yake kwa tarehe ile. Kwake yeye mlima uliolipuka ulikuwa kikao chetu cha Februari.

Basi nilipoiona picha ya kibanda kile kwenye theluji, sikuona huruma ya Wajapani. Niliona mwezi wa Machi.

Sasa swali la binti yetu: sisi tumekosa nini hata tusihesabiwe hivyo? Sehemu ya jibu ni kwamba waliotujengea njia walikuwa wakihesabu shaba, pamba na pembe, na mpaka leo ninyi wenyewe mnaona jinsi njia ya kutoka Rubaya inavyofikirika zaidi kwa sababu ya madini yanayoshuka kuliko kwa sababu ya wajawazito wanaopaswa kushuka. Jambo hilo lina wenyewe, na tuna haki ya kulisema kwa sauti. Siku hizi tunasikia pia mipango ya reli mpya. Uganda imetia saini mwaka 2024 mkataba wa kujenga reli ya kisasa kutoka Malaba hadi Kampala, na katika michoro yao mkono mmoja wa reli unaelekea magharibi hadi Mpondwe, mlangoni petu. Kongo nayo imekwisha kuingia katika Jumuiya ya Afrika Mashariki tangu 2022. Reli hiyo ikifika siku moja, ninyi ndio mtakaokuwa watu wazima. Ulizeni mapema, kabla ya utepe kukatwa: itasimama wapi, kwa ajili ya nani, na mzigo wa madini ukiisha nani atailipa? Watu wa Kasese hawakuuliza, au waliuliza bila kusikilizwa.

Lakini sehemu nyingine ya jibu iko mikononi mwetu, na hiyo ndiyo inayoniudhi, maana ni rahisi kuwalaumu Wabelgiji kuliko kulaumu kamati ambayo wewe ni mjumbe wake. Kila kundi la parokia lina kituo chake kidogo. Kwaya ya watoto iliyobaki na sauti nne. Ziara ya kila mwezi kwa mzee mmoja mgonjwa asiye na jamaa. Tunavianzisha kwa shangwe, tunapiga picha, na vikipungua tunaviacha vife kwa namna ya Kasese: hatuvifungi, tunaacha tu kwenda. Wiki hii kuna mvua, wiki ijayo kuna harusi, wiki ya tatu hakuna anayeuliza. Yule mzee anakaa mlangoni siku ya Jumapili, amevaa shati lake safi.

Mnajua ninakoelekea. Darasa letu la kisomo kwa watu wazima, linalofanyika Jumatano jioni, lilianza mwaka jana likiwa na akina mama kumi na wanane. Wengine wamehama, wengine biashara imewabana, wengine, tuseme kweli, tuliwachosha kwa kufundisha vibaya. Wamebaki wawili. Mmoja ana umri wa kunizaa, au karibu yake. Amekwisha kufika mahali pa kusoma maneno ya silabi tatu, na juzi alisoma kibao cha duka kwa sauti kubwa barabarani hadi mwenye duka akatoka nje kutazama kuna nini. Mweka hazina wetu, kijana mwaminifu ambaye hesabu zake hazina doa, ameandika kwamba fedha za chumba, taa na chaki kwa akina mama wawili zingetosha kuwasaidia yatima watatu kupata madaftari ya mwaka. Nimezisoma hesabu hizo. Ni sahihi, kama zangu zilivyokuwa sahihi.

Pendekezo lake ni kwamba darasa lisimame mwisho wa mwezi huu. Langu ni kwamba liendelee hadi mwisho wa Juni, pamoja na shule nyingine zote. Kwamba akina mama wale waambiwe tarehe hiyo Jumatano hii, ana kwa ana, na si kwa ujumbe wa simu ambao hata hivyo mmoja wao hajui bado kuusoma vizuri. Na kwamba yatima watatu tuwatafutie madaftari kwa mchango mwingine, ambao nami nitautoa wa kwanza. Ikiwa kufikia Juni watakuwa wamebaki wawili, nitainua mkono wangu darasa lifungwe, na sitanung'unika.

Kikao ni Jumamosi saa tisa alasiri, katika chumba kilekile. Mweka hazina atazungumza kwanza.